Maswali na Majibu: Mpenzi wa Mbio za Magari Anapohamia Lamu

Katika toleo hili tumeipa barua moja nafasi kubwa, kwa sababu maswali yaliyomo yanawagusa wasomaji wengi wanaohamishwa kikazi kuja sehemu za pwani ya kaskazini, na kwa sababu mwandishi wake ameuliza kwa uwazi mambo ambayo wengine huona haya kuyauliza. Mwishoni tumejibu pia barua fupi kutoka Malindi inayohusu jambo hilohilo.

SWALI

Kwako msimamizi wa safu,

Baada ya salamu, mimi ni muuguzi, na nimefanya kazi Nakuru tangu nilipomaliza chuo. Hivi karibuni nimepata kazi katika hospitali moja kisiwani Lamu. Mimi na mke wangu tumekubaliana kwamba nafasi hii hatuwezi kuiacha, kwa kuwa mshahara ni bora na mtoto wetu bado hajaanza shule. Kinachonisumbua huenda wengine wakakiona kidogo. Tangu utotoni nimeyapenda mashindano ya magari. Marehemu baba alikuwa akitupeleka kando ya barabara kuyatazama magari ya Safari Rally yakipita, na tangu mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, mimi na kaka yangu tumekuwa tukienda Elmenteita na Naivasha kila mwaka bila kukosa. Ninayo Subaru Impreza ya zamani ambayo nimeifanyia kazi mwenyewe kwa miaka mingi, injini na bodi. Sasa naambiwa kwamba Lamu hakuna magari. Mke wangu ananishauri niiuze. Kaka yangu anataka niiache kwake. Mimi nilikuwa nafikiria kuipeleka mpaka Mokowe, upande wa bara unaokabili kisiwa, ili angalau niwe karibu nayo. Je, nifanye nini na gari hili? Nitayafuataje mashindano nikiwa mbali kiasi hicho? Na huko nitapata watu wa kuzungumza nao habari hizi?

Muuguzi, Nakuru

JIBU

Ndugu Muuguzi,

Karibu Lamu. Sisi hatulioni jambo lako kuwa dogo, kwani mapenzi uliyorithishwa na mzazi wako ni sehemu ya nafsi yako, na mtu anayehama bila kuyafikiria mambo kama hayo mara nyingi huanza kuichukia kazi mpya bila kujua sababu.

Uliyoambiwa kuhusu magari ni kweli kwa sehemu kubwa, na ni vyema uyaelewe sawasawa kabla ya kufunga mizigo. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa vichochoro ambavyo katika sehemu nyingi punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Hakuna daraja linalokiunganisha kisiwa na bara, na magari yaliyopo ni machache, mengi yao yakiwa ya shughuli za umma. Pikipiki zimeongezeka katika mitaa ya pembeni, lakini serikali ya kaunti ilizipiga marufuku ndani ya Mji wa Kale, na sisi tunaoupenda mji huu tuliifurahia hatua hiyo, maana mzee aliyetoka msikitini katika kichochoro chembamba hana pa kuikwepea pikipiki. Vyombo vyako vya nyumbani vitafika Mokowe kwa lori, vitavuka kwa boti, na kutoka gatini vitabebwa na punda au na hamali mwenye mkokoteni mpaka mlangoni pako. Kwa hiyo kuliingiza gari kisiwani ni jambo la kusahau, na linalobaki ni hilo wazo lako la Mokowe.

Kuhusu Mokowe tunakushauri waziwazi: usilipeleke. Hewa ya bahari hubeba chembe za chumvi, chumvi huvuta unyevu, na maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji ya mvua, jambo ambalo huifanya kutu itafune chuma kwa kasi kubwa zaidi. Gari linaloendeshwa kila siku na kuoshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpaka chini ya chasisi huweza kuvumilia hali hiyo kwa miaka. Gari linalosimama halivumilii. Diski za breki hushika kutu na pedi zikagandamana nazo, betri huisha nguvu, petroli huharibika ndani ya tangi, na matairi hubonyea upande mmoja kwa sababu ya kukaa pale pale. Waliomiliki Impreza za zamani wanajua pia kwamba kutu hupenda kuanzia kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na ikishaingia hapo huwa imefika ndani zaidi kuliko inavyoonekana kwa nje. Wewe utakuwa kisiwani kwenye zamu za usiku na mchana, gari liko ng'ambo ya maji, na kila ukitaka kuligusa lazima upande boti kwenda na kurudi. Hatuoni raha iko wapi katika mpango huo.

Jiulize vilevile ungeliendesha wapi. Barabara ya kutoka Mokowe kupitia Hindi na Witu hadi Garsen sasa ina lami, na kwa msafiri wa kawaida hiyo ni neema kubwa ukilinganisha na hali ya zamani. Lakini ni barabara ambayo imewahi kushambuliwa na wapiganaji wa Al-Shabaab, ina vizuizi vya polisi, na mtu mwenye busara huipita mchana, kwa mwendo wa kawaida, akifuata maagizo ya maofisa wa usalama bila kubishana. Mvua kubwa nazo huiathiri, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yalipoikata katika eneo la Lango la Simba na wasafiri wakalazimika kutafuta boti. Barabara ya namna hii haifai kujaribia gari la mbio hata siku moja.

Kaka yako ndiye aliyetoa wazo lililo bora kuliko yote, na sababu yake iko katika ramani. Safari Rally ya siku hizi makao yake ni Naivasha, na mikondo yake, yaani vile vipande vya barabara vinavyofungwa ili magari yapimwe muda, iko Soysambu, Elmenteita, Sleeping Warrior, Hell's Gate na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Kutoka Nakuru hadi Naivasha ni takriban kilomita 70. Gari lako tayari liko pale mashindano yanapofanyika, na anayehama ni wewe. Ukilibeba hadi pwani utakuwa umelitenga na mambo yote mawili unayoyapenda, mashindano yenyewe na kaka yako mnayeyatazama pamoja. Ukiliacha Nakuru, utarudi kila mwaka ukute gari linawaka, mafuta yamo, na safari inaanza asubuhi yake.

Hata hivyo, undugu usiwe sababu ya kuacha mambo bila makubaliano. Andikeni ni nani atalipa bima, ni nani atagharimia matengenezo, na itakuwaje likipata ajali mikononi mwake. Mwombe aliendeshe angalau mara moja kwa wiki kwa umbali wa kutosha injini ipate moto kamili, kwa sababu kuliwasha dakika tano na kulizima huacha unyevu ndani ya injini na kwenye ekzosi. Ikiwa hatakuwa na nafasi hiyo, basi litayarishwe kwa kukaa: oili mpya, tangi lijazwe ili unyevu usipate nafasi, waya hasi wa betri ufunguliwe, matairi yajazwe upepo zaidi kidogo ya kawaida au gari liinuliwe juu ya vigingi madhubuti, breki ya mkono iachiwe na magurudumu yawekewe vizuizi, na lifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki hufungia mvuke ndani na kuleta kutu ileile mnayoikimbia.

Mkeo naye asipuuzwe. Ikiwa kuhama kutawaingiza katika deni, au kama bima na matengenezo yatakula sehemu ya mshahara huo mpya ambao ndio uliowafanya mkubali kuhama, basi yeye ndiye mwenye haki, na gari liuzwe kabla hujaondoka, ungali upo kulionyesha na kulieleza kwa mnunuzi. Gari linalouzwa na kaka kwa niaba ya mwenyewe aliye mbali mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa, na mara nyingine huacha fundo moyoni kati ya ndugu. Keti naye mhesabu pamoja kwa kalamu na karatasi. Sisi tusiojua mapato yenu hatuwezi kulikata neno hilo.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo kwetu ndilo kubwa zaidi. Kutoka Lamu hadi Naivasha kwa njia ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Kwa basi hesabu siku mbili, kwa ndege kutoka uwanja wa Manda hadi Nairobi ni zaidi kidogo ya saa moja, kisha zinabaki kama kilomita 90 za barabara. Huwezi kufanya safari hiyo kila kunapokuwa na mashindano ya kitaifa, na tunakusihi usijaribu, kwa ajili ya mfuko wako na ya familia yako. Chagua tukio moja kwa mwaka ulitumikie kikamilifu.

Tumesema ulitumikie, na hapo ndipo tunapotaka ufikirie upya nafasi yako. Miaka yote umekuwa mtazamaji. Lakini wewe ni muuguzi, na mashindano ya magari hayawezi kuanza bila watu wa fani yako. Mkondo haufunguliwi mpaka magari ya kubebea wagonjwa na wahudumu wake wawe mahali pao. Gari linapopinduka, dereva na mwelekezi wake, yule anayeketi kando yake akimsomea njia, wakiwa salama huwaonyesha wanaofuata kibao chenye neno OK, na wakihitaji msaada wa kitabibu huonyesha alama ya SOS, ambapo wafanyakazi wa gari linalofuata ni lazima wasimame hata kama walikuwa wanaongoza mashindano. Baada ya hapo kila dakika iko mikononi mwa wahudumu wa afya. Liandikie Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, KMSF, mapema, miezi mingi kabla ya mashindano, ueleze taaluma yako na uzoefu wako wa dharura, uombe kuingia katika kikosi cha tiba au cha mamashali wanaosimamia njia. Mtu anayesafiri kilomita 900 kwenda kusimama nyuma ya kamba huchoka baada ya miaka michache, ilhali anayesafiri kwenda kufanya kazi inayomngoja ana sababu ya kurudi, na ana hoja ya kumweleza mkuu wake anapoomba likizo.

Kuhusu likizo yenyewe, zingatia kalenda. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 mashindano yalifanyika Juni. Mwaka 2024 yalirudishwa katika wakati wake wa kale wa Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi, na mwaka 2025 yalikuwa tarehe 20 hadi 23 Machi. Miaka yote hiyo miwili yaliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Lamu ni mji wa Waislamu, na wenzako wengi wodini watakuwa wamefunga, kisha watatamani kuwa nyumbani siku ya Idd. Ikiwa wewe si Mwislamu, jitolee tangu mwaka wa kwanza kuwashikia zamu za Idd na za Maulidi, kwa moyo safi na bila kungoja kuombwa. Watu wa Lamu hawasahau wema wa namna hiyo, na Machi ikifika hutahangaika kumtafuta wa kukushikia. Tiketi ya ndege inunue mapema, kwa sababu Pasaka ni msimu wa wageni kisiwani na bei hupanda.

Siku zilizobaki za mwaka utayafuata kwa simu na televisheni. Huduma ya Rally.TV huonyesha mikondo ya duru zote za dunia kwa malipo, na muda wa kila gari hupatikana kwenye intaneti papo hapo. Uwe na nguvu ya akiba ya kuchajia simu, maana umeme hukatika wakati usioutaka.

Swali lako la tatu lina jibu zuri kuliko unavyotarajia, ila subira inahitajika. Vijana wengi wa hapa ni watu wa mpira wa miguu. Lakini keti jioni pale Mkunguni mbele ya Ngome, salimia, usikilize kwanza, kisha wakati wake ukifika ulitaje jina la Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, au la Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Utashangaa ni wazee wangapi walioyafuata mashindano yale kwa redio enzi hizo Pasaka baada ya Pasaka. Waulize wanakumbuka nini kuhusu mwaka 1973, Mehta na Harry Källström, wote wakiwa na magari ya Datsun, walipomaliza wakiwa sawa kwa alama za adhabu na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia ni nani aliyepoteza alama baadaye zaidi ya mwenzake. Mazungumzo ya hivyo hayaishi kwa kikombe kimoja cha kahawa. Nawe utakuwa na la kuwasimulia ambalo wao hawajaliona, habari za lile vumbi laini la Kedong, kule Naivasha, liitwalo feshfesh, linalomeza magurudumu na kuziba chujio za hewa, na jinsi magari ya Toyota yalivyochukua nafasi nne za kwanza mwaka 2022 na tena 2023.

Tena usidhani kwamba unaondoka kwenye nchi ya injini. Lamu inaishi kwa injini, nazo zimefungwa nyuma ya boti. Mashine nyingi za boti ndogo ni za mipigo miwili, ambazo oili huchanganywa na petroli kwa kipimo. Oili ikipungua pistoni huungua, na ikizidi plagi huchafuka na mashine ikagoma katikati ya mkondo wa bahari. Baada ya safari mashine njema huzungushiwa maji baridi ili kuondoa chumvi katika njia za kupoozea. Fundi aliyezoea kabureta na muda wa kuwasha cheche kama wewe atayaelewa mambo haya haraka, na mafundi wa ufukweni humpokea vizuri anayekuja na sanduku lake la spana na adabu. Beba sanduku hilo. Ila tunakuomba jambo moja kwa dhati: kasi usiitafute baharini. Njia za maji kati ya Lamu, Manda na Mokowe zina abiria, watoto wa shule na wavuvi wenye madau yasiyo na taa, na ajali za boti zimewahi kuziliza familia nyingi hapa. Vaa jaketi la kuokolea kila unapovuka, hata kama nahodha hakukwambia. Ukitaka kuona mashindano ya kisiwa chenyewe, utayaona ya majahazi kwa tanga, na yale ya punda wakati wa Maulidi, ambayo dereva yeyote anayejua kukata kona atayaheshimu.

SWALI

Mimi ni mwalimu wa kike niliyehamishiwa Malindi kutoka Mombasa. Napenda sana Formula One, na kule Mombasa nilikuwa na marafiki wa kutazama nao. Hapa walimu wenzangu wanasema si mchezo wa wanawake. Nitapata wapi wenzangu?

Mwalimu, Malindi

JIBU

Mwalimu, katika pwani yote hii ungepata tabu kuchagua mji bora kwa hamu yako. Malindi ina Waitaliano wengi waliolowea tangu mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti ulipoanza kule Ngomeni katika miaka ya 1960, na Mwitaliano anayeipenda Ferrari si wa kutafutwa kwa tochi. Ulizia katika mikahawa yao siku ya Ijumaa kama wataonyesha mashindano ya Jumapili. Mengi ya Ulaya huanza saa kumi alasiri kwa saa zetu, na ya Monza huko Italia, yanayofanyika Septemba, ndiyo hukusanya watu zaidi. Ya Suzuka huko Japani huanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo hayo utayatazama nyumbani.

Wale wanaosema si mchezo wa wanawake waeleze kwamba Lella Lombardi, Mwitaliano, alipata nusu alama katika Formula One mwaka 1975 huko Hispania, na kwamba Michèle Mouton wa Ufaransa alimaliza wa tatu katika Safari Rally ya mwaka 1983, hapa hapa Kenya, juu ya barabara zilizowashinda wanaume wengi. Kisha mwalike mmoja wao Jumapili ijayo, umfafanulie kwa nini magari huingia kubadilisha matairi na ni nani anayeamua wakati wa kuingia. Mara ya kwanza nenda naye, ufike nusu saa mapema na uketi karibu na televisheni. Mkishazoeleka pale, mwenye mkahawa atawajulisha mwenyewe siku za mashindano.